Misheni ya Rwanda ianzie Lambu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa yetu hapa Masaka, Uganda. Kanisa moja, ambalo sitalitaja, linaandikisha watu wa kwenda Rwanda kwa safari ya misheni mwezi wa Aprili. Ratiba ina mikutano ya injili wilayani Bugesera, siku moja ya kutembelea makaburi ya kumbukumbu, jioni ya "ushuhuda wa msamaha" na mkesha wa "kuvunja laana ya damu". Fulana zenye nembo zinauzwa kando.

Sina ugomvi na injili, wala na fulana. Ila aliyepanga ratiba hii hajajiuliza anakwenda kwa nani. Aprili 7 Rwanda huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Sherehe husimama, watu hukaa kusikiliza waliookoka, na mabaki yanayoendelea kugunduliwa hadi leo huzikwa kwa heshima. Wewe unashuka kwenye basi na spika na kinanda kuwaambia wenyeji kwamba nchi yao imelaaniwa! Serikali ya kule imeshafunga maelfu ya makanisa tangu 2018, na sheria ya mwaka huo huo inawataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia. Huenda mkutano ukakatizwa kabla ya pambio la kwanza. Hilo ni shauri lao na wenye mamlaka. Langu ni jingine.

Bugesera hiyo hiyo ndiko liliko kanisa la Nyamata, na la Ntarama halipo mbali. Mwaka 1994 Watutsi walikimbilia humo kwa sababu katika mauaji ya miaka ya nyuma kanisa lilikuwa limewaokoa. Safari hii wauaji waliingia kwa mabomu ya mkono na mapanga. Ukifika Nyamata leo, nguo za waliouawa zimerundikwa kwenye mabenchi. Kule Nyange tingatinga lilibomoa kanisa likiwa na watu wapatao 2,000 ndani, na padri wao, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha mwaka 2008. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imemfunga Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Waadventista, miaka 10 kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Wakati huo karibu Wanyarwanda tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo. Aliyeshika panga na aliyekatwa walikuwa wameimba katika kwaya moja.

Na tusijitoe. Uamsho wa walokole tunaojivunia uliwaka Gahini, ndani ya Rwanda, miaka ya 1930, na mikono ya Waganda ilikuwamo: Simeoni Nsibambi upande huu, na mdogo wake Blasio Kigozi aliyekwenda kufanya kazi Gahini kwenyewe. Rwanda ilishahubiriwa, tena na sisi. Anayedhani mwaka 1994 walipungukiwa mikutano ya injili, anieleze walioua walikuwa wakisali wapi.

Kinachonikera zaidi ni huo "ushuhuda wa msamaha": manusura apandishwe jukwaani pamoja na aliyewaua ndugu zake, wakumbatiane, simu zetu zikirekodi. Najua upatanisho upo. Katika kijiji cha Mbyo, huko huko Bugesera, manusura na waliotoka gerezani ni majirani. Mahakama za kijiji zilizoitwa gacaca zilisikiliza kesi karibu milioni mbili mpaka zilipofungwa mwaka 2012. Ile ilikuwa kazi ya miaka, watu wamekaa kwenye nyasi wakitajana kwa majina, na wengine walitoka pale na hasira kuliko walivyokwenda. Mama aliyebaki peke yake katika ukoo mzima hadaiwi msamaha na mgeni aliyefika jana usiku. Akisamehe, ni yake na Mungu wake. Asiposamehe, vivyo hivyo. Na tafadhali, vijana waonywe mapema wasimuulize mtu kabila lake.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo halikuligusa kabisa. Mto Kagera ulileta miili hadi Ziwa Victoria, na watu wa upande wetu wakaiopoa, wengine bila hata glavu. Samaki walikosa wanunuzi. Zaidi ya Wanyarwanda 10,000 wamezikwa katika ardhi ya Uganda, kwenye makaburi ya Kasensero, Ggolo na Lambu. Lambu ni Masaka hii hii. Unakwenda asubuhi na kurudi mchana. Wapo wazee waliofanya kazi ile ambao hadi leo hawapendi kuisimulia. Sijasikia mchungaji wetu hata mmoja akitangaza ibada huko.

Pendekezo langu kwa waandaaji: ahirisheni hadi Agosti, acheni spika nyumbani, na jioni ya ushuhuda ifutwe. Wachungaji watangulie wao, wakawaulize wenzao wa Kigali waumini walifundishwa nini Jumapili zote zilizotangulia ile Aprili. Vijana wafundishwe habari za Félicité Niyitegeka, Mhutu, mlei Mkatoliki wa Gisenyi aliyewaficha Watutsi. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumnusuru yeye peke yake. Alikataa, akauawa pamoja nao, na leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake.

Aprili 7 wote walioandikishwa waende Lambu. Nauli ya teksi sidhani kama inafika bei ya fulana moja, na wakihitaji mtu wa kuwaonyesha njia, mimi nipo.

Msomaji wenu,
Masaka