Usalama wa mitandao ufundishwe maabarani

Mhariri,

Mimi ni mmoja wa wanaowafunza vijana kazi ya kompyuta hapa Kisumu. Mara nyingi nakutana na mwanafunzi anayeeleza kwa ufasaha fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) ni nini, lakini akiwekwa mbele ya ruta na swichi, vifaa vinavyounganisha kompyuta na mitandao, aambiwe autenganishe mtandao wa wahasibu na ule wa wageni, hajui aanzie wapi. Simlaumu, kwa kuwa mtihani wake haukuwahi kumdai hivyo.

Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kuvuruga kazi katika hospitali za Uingereza, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sasisho la kuziba ufa wa Windows ambao programu hiyo iliupitia tangu Machi. Waathiriwa wengi walikosa jambo la kawaida kabisa: mtu anayejua ni mashine zipi ziko kwenye mtandao wake, zipi hazijasasishwa, na kwa nini poti 445, mlango ambao Windows hutumia kushirikisha mafaili, imeachwa wazi kwa intaneti nzima.

Ujuzi huo haupatikani kwa kukariri. Vyuo vyetu vinaweza kuanza na kompyuta chache kuukuu, swichi inayoruhusu kugawa mtandao, na programu za bure kama vile Wireshark ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao, Nmap ya kutambua vifaa vilivyomo, na pfSense ya kuweka fayawoli. Kundi moja lijenge mtandao wa ofisi, jingine liushambulie, kisha wote wasome logi (kumbukumbu za matukio) za seva hadi wajue mvamizi aliingia saa ngapi na kwa akaunti ya nani. Baadaye data ifutwe makusudi, nao wairejeshe kutoka kwenye nakala ya akiba. Hapa natilia mkazo, kwani zipo ofisi zinazotunza nakala kwa miaka bila kujaribu hata mara moja kama zinarejesheka. Maabara yenyewe itengwe na mitandao mingine, maana sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini yake.

Waajiri nao wana sehemu yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka taasisi iliyovujiwa na data za watu, pale watu hao wanapoweza kudhurika, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipotambua. Je, chama cha akiba na mikopo kisicho na mtu wa kusoma logi kitamweleza Kamishna nini? Hata hivyo, vijana wanaotoka vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro au Kisumu National Polytechnic kwa mafunzo ya nyanjani mara nyingi huishia kubadilisha wino wa printa.

Naomba vyuo viweke mtihani wa vitendo wenye alama sawa na ule wa karatasi. Waajiri nao, kuanzia kundi lijalo la wanagenzi, wampe kila mmoja, chini ya msimamizi, kazi ya kuorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa na mtandao wao na kuonyesha vile ambavyo bado vinatumia nywila ya kiwandani.

Mkufunzi wa kompyuta,
Kisumu