Wanajiolojia, njooni shuleni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nifikishe ombi kwa wanajiolojia wa nchi hii, hasa kwa jumuiya yao ya kitaaluma, kwamba waingie madarasani na kuwafundisha vijana wetu kuisoma ardhi wanayoikanyaga kila siku.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope lililochanganyika na mawe na magogo liliporomoka kutoka Mlima Hanang, likafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Shule zilipofunguliwa Januari, swali la kwanza nililoulizwa darasani lilikuwa kama volkano imelipuka. Uvumi huo ulikuwa umeenea sana, ingawa Serikali ilikwisha kueleza kwamba hakuna mtetemo wa volkano uliorekodiwa, na kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka na kugeuka tope. Niliwasomea wanafunzi maelezo hayo, nao wakayaandika kwenye madaftari, lakini nyuso zao zilinionyesha kuwa hayajawaingia, nami sikuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Miezi michache baadaye, kijana mmoja mwanajiolojia aliyekuja kuwasalimu wazazi wake alikubali kunisaidia kipindi kimoja. Alikuja na sinia la kawaida la nyumbani, ndoo ya udongo na changarawe kutoka mlimani, kopo lililotobolewa matundu, msumari na mawe mawili meupe. Aliushindilia udongo kwenye sinia, akaliinamisha, udongo ukatulia. Kisha akaanza kuunyunyizia maji pole pole. Kwa dakika kadhaa hapakutokea lolote, hata wanafunzi wa nyuma wakaanza kunong'ona, mara pande zima likaachia kwa mkupuo, likasomba changarawe na kumwagika hadi sakafuni. Darasa zima lilinyamaza. Msichana mmoja, ambaye ndugu zake wanaishi chini ya mlima, aliomba zoezi lirudiwe, na safari hii yeye ndiye aliyeshika kopo.

Baada ya hapo yakaja yale mawe mawili, ambayo kwa macho ya wanafunzi yalikuwa kitu kimoja. Moja lilichorwa na msumari kwa urahisi na likatoa povu lilipodondoshewa asidi iliyozimuliwa kutoka maabara ya Kemia; la pili halikukubali msumari wala asidi. La kwanza ni la jamii ya chokaa, la pili ni kwatzi. Nimefundisha miamba moto, miamba tabaka na miamba geu kwa miaka mingi kwa chaki na ubao, na nakiri kwamba dakika 40 za kijana yule zilifanya kazi ambayo mihula yangu haikuifanya.

Kinachonisikitisha ni kwamba somo lile tulilipata kwa bahati tu. Wanafunzi wa shule ambayo haina mwanajiolojia anayekuja likizo kusalimia wazazi watalipata wapi? Wenzetu wa Marekani hawaliachii jambo hili bahati. Tangu mwaka 1998, American Geosciences Institute, ambalo ni shirikisho la vyama vya wanasayansi wa ardhi, huandaa Wiki ya Sayansi ya Ardhi kila Oktoba na kuwagawia walimu vifurushi vya mabango, kalenda na mazoezi ya kufanya darasani. Sisi nasi tuna siku ya kuanzia: UNESCO imeitenga tarehe 6 Oktoba kuwa Siku ya Kimataifa ya Jioanuwai, yaani siku ya miamba, madini, udongo na sura za nchi katika utofauti wake.

Na mifano ya kufundishia tumejaliwa. Katika mkoa huu huu, Mirerani, ndiko tanzanaiti ilikogunduliwa mwaka 1967, na vijana wanashuka mashimoni kuitafuta bila kufundishwa kuusoma mwamba unaowazunguka. Mkoa wa jirani una Ol Doinyo Lengai, volkano hai inayotoa lava yenye magadi, ambayo hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe inapokutana na unyevu, jambo ambalo halionekani katika volkano nyingine yoyote hai duniani. Eneo hilo ni sehemu ya Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, yaani eneo linalotunzwa kwa ajili ya urithi wake wa miamba na sura za nchi, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018. Watalii wanasafiri kutoka mbali kuja kuitazama, wakati wanafunzi wangu wengi wanaijua kwa picha ya kitabuni.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Jumuiya iandae sanduku la mawe 15 au 20 yenye majina yaliyoandikwa kwa rangi isiyofutika, kwa kuwa yaliyomo katika maabara nyingi yamepoteza lebo na hakuna anayejua ni mawe gani. Ikutanapo kwa mkutano wake mkoani, itenge siku moja kwa shule za mkoa huo, iwatoe wanafunzi hadi kwenye ukingo wa barabara uliochongwa, mahali ambapo tabaka zinaonekana wazi. Na wataalamu watakaokuja wazungumze Kiswahili. Mtoto aliyekulia mlimani anaujua udongo wake kwa rangi, kwa harufu na kwa namna unavyoshika jembe; ukimwanzia na istilahi za Kiingereza anadhani hajui lolote, na maswali yake yote mazuri yanakufa kabla hajayauliza.

Sisi walimu wa Jiografia wa Manyara tuko tayari kuwapokea. Sinia, ndoo na kopo tutatafuta wenyewe.

Mwalimu wa Jiografia,
Babati, Manyara