YAH: MALALAMIKO KUHUSU MIKROMITA YA KUPIMIA KINA NA KUDHALILISHWA DUKANI KWENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, sina haja ya kuwasomea.

Mikromita mliyoniuzia kwa shilingi 185,000 inadanganya. Ukiilaza juu ya kioo inasoma sifuri safi kabisa. Ukiteremsha ncha yake kwenye tundu lenye kina cha milimita 10.00, inasoma 9.91. Tundu hilo nimelipima kwa mikromita mbili za majirani zangu hapa mtaani Gerezani, zote zimetoa 10.00. Kwa fundi seremala tofauti hiyo si kitu. Mimi nafunga laina za injini za malori, yaani silinda za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Kina cha kitako kwenye bloku, pale kola (ukingo wa juu) ya laina inapokalia, kilisoma 8.93. Kola ya laina, niliyoipima kwa mikromita yangu ya zamani, ilikuwa 9.00. Nikajua laina itachomoza 0.07 juu ya bloku, na ndivyo inavyotakiwa ili hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ikikazwa iibane gasketi sawasawa. Kumbe kitako kilikuwa 9.02 na laina zimezama! Ningejua, ningeweka shimu tu, kile kibati chembamba cha kuinulia laina. Siku ya nne lori likarudi linavutwa. Nilipochomoa stiki ya oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa: gasketi imepitisha maji kwenye oili.

Nilikuja dukani kwenu Kariakoo Jumatatu asubuhi na kile kipande chenye tundu. Niliomba jambo moja kwa adabu: mtoe mikromita nyingine kabatini, tupime tundu lilelile, mbele ya macho yetu wote. Kijana wenu wa kaunta akaninyang'anya chombo mkononi, akakitupa kwenye droo, akasema kwa sauti, "Mzee, kama desimali zinakushinda nunua rula." Wateja wakacheka.

Nina miaka 27 kwenye kazi hii. Wakati mnaniuzia, kijana huyohuyo aliniita "fundi mkuu" na kunihakikishia kuwa ikileta shida nirudi nayo hata kesho.

Narudia, maana nataka mlione jambo lenyewe lilivyokuwa. Sikupaza sauti. Nilikuwa nimenyoosha mkono kumwonyesha namba kwenye kioo cha chombo, naye akakivuta mpaka kikanikwaruza kidole. Droo ikafungwa kwa kishindo. "Nunua rula." Msimamizi wenu alikuwa amesimama hatua mbili tu, akatabasamu, akaendelea na simu yake. Na pembeni yangu alikuwepo kijana ninayemfundisha kazi, ambaye kila siku namwambia asiamini jicho, aamini kipimo. Aliinamisha kichwa. Njia nzima mpaka gereji hakusema neno.

Chombo changu bado kiko kwenye droo yenu. Risiti ninayo.

Nataka mnirudishie shilingi 185,000. Aidha, gasketi mpya, oili na kazi ya kufungua injini mara ya pili vimenigharimu 640,000 ambazo sikuweza kumdai mwenye lori, nazo ni juu yenu kulipa. Na kijana yule aniombe radhi palepale kaunta, saa za wateja, mwanafunzi wangu akiwepo. Msimamizi naye vilevile.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Kwa jinsi ninavyoandika haya na kidole bado kinauma, nawapa siku 7. Zikipita, malalamiko haya yataenda Tume ya Ushindani, na mikromita hiyo nitadai ipelekwe maabara ya vipimo ya Shirika la Viwango (TBS), Ubungo, ipimwe na watu wasionijua mimi wala ninyi. Nakala ya barua hii nitaibandika mlangoni kwa kila fundi wa Gerezani anayenunua vifaa kwenu. Na chombo hicho kisipotee humo drooni, kwani namba yake ya utambulisho nimeiandika.

Wenu,
Fundi injini,
Gerezani, Dar es Salaam