Wauza samaki wa mapambo, tuambieni samaki wameishi maji gani

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongee na wauza samaki wa mapambo na sisi wanunuzi wa hapa Dodoma, mana hili jambo linaniuma na najua halijanikuta peke yangu.

Mwaka jana mwezi wa sita nilimnunulia mwanangu neon tetra tisa Dar, wale wadogo wenye mstari wa bluu unaong'aa na wekundu kuelekea mkiani, muuzaji akanifungia kwenye mfuko wa nailoni akajaza oksijeni akaniambia ukifika wewe mimina tu hawana shida. Nikapanda basi la asubuhi, nashuka Nanenane jua linazama, nyumbani Ipagala mtoto anarukaruka, nikakata mfuko nikamimina. Usiku ule ule wakaanza kupauka, ule mstari wa bluu ukawa kama majivu, wamepanda juu wanatweta midomo iko usawa wa maji. Asubuhi wamebaki wawili, mtoto hata chai hakunywa.

Jamani, angalieni ndani ya birika zenu. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ni chokaa, sisi hapa maji yetu mengi ni ya visima, vya Mzakwe kule Makutupora na vingine vya mitaani, na ni maji magumu. Neon asili yake ni mito ya Amazon huko Amerika Kusini, maji laini kama ya mvua tena yana asidi kidogo. Samaki wa hivyo anaweza kuzoea kiasi lakini sio kwa kumwagwa kama mchele, na tenki langu lenyewe lilikuwa na siku tatu tu wakati tenki jipya linahitaji kama wiki nne mpaka sita bakteria wa kula amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki wenyewe, wajijenge kwenye filta.

Ndo mana siku hizi mtu akiniuliza namwambia anza na danio, wale wenye mistari kama pundamilia. Asili yao India, Bangladesh na nchi za jirani, maji magumu wanayamudu, na hata usiku wa mwezi wa saba baridi ya Dodoma ikishuka mpaka nyuzi 14 huko nje na umeme ukakatika hita ikazima, wao wanavumilia kuliko neon. Ila chukua sita au zaidi. Hawa ni samaki wa kundi, ukimnunua mmoja au wawili anaishi kwa woga, anajificha nyuma ya filta au anawauma wenzake mapezi, na muuzaji anayekubali kukuuzia wawili kama hereni hakutendei haki wewe wala samaki. Tenki liwe refu mana wanakimbia sana, na liwe na mfuniko mana wanaruka.

Dukani usikimbilie kulipa. Mwombe muuzaji awape chakula uone wanavyokigombania, angalia kama kuna vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini, na tenki lenye hata mmoja aliyekufa achana nalo lote.

Kuwaingiza sasa. Zima taa, acha mfuko uelee juu ya maji bila kuufungua dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, halafu fungua uongeze nusu kikombe cha maji ya tenki kila baada ya dakika tano kwa nusu saa hivi, kisha watoe kwa kijiwavu na yale maji ya mfuko mwagia maua, yasiingie kwenye tenki. Lakini kama wametoka safari ndefu ya kutwa nzima usikae nao masaa mawili ukiwadondoshea maji kwa mpira wa dripu kama wengine wanavyofanya. Ndani ya mfuko uliofungwa kabonidayoksaidi ya pumzi zao inayatia maji asidi, na asidi hiyo ndo inaituliza amonia, ukifungua tu ile hewa inatoka, asidi inapungua na amonia inakuwa sumu kali wakiwa humo humo. Kwa hao linganisha joto, fungua, ongeza maji mara mbili tatu haraka, watoe. Siku hiyo usiwape chakula.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo sana. Bandikeni karatasi kwenye kioo: samaki hawa wameingia lini, wametoka wapi, wako kwenye maji gani. Samaki aliyekaa dukani Dodoma wiki mbili tatu kwenye maji yetu haya ya bomba akiwa anakula vizuri, mimi nitalipa hela zaidi bila kulalamika, na najua wazazi wengi watalipa.

Msomaji wenu,
Ipagala, Dodoma