Barua kwa mwanangu: hadithi ya watu imefika wapi?

Mama, assalaam aleikum.

Sisi hapa Tanga hatujambo, mama yako goti bado linamsumbua ila anatembea. Nimeamua kukuandikia manake kwenye simu nikianza tu kuongea unasema baba mtandao unakata, na mimi nimeshaona huo mtandao wenu unakatika palepale ninapouliza habari ya kazi. Haya sasa, hii haikatiki, isome mpaka chini.

Jumatatu kaja mama mmoja barazani kwangu, nikajua analeta kitambaa, nikavuta na futi kabisa. Kumbe kaja kudai. Ananiambia fundi, mwanao kala buku langu. Moyo ukanipasuka, nikasema tayari mtoto kaingia kwenye mikopo ya mtandaoni hii. Akatoa simu akanionyesha, hilo grupu lako la WhatsApp, watu mmelipishana buku buku kusoma hadithi, imefika sehemu ya 23, yule dada kasimama mlangoni na ufunguo mkononi, chini umeandika ITAENDELEA, na tangu mwezi wa pili haijaendelea. Ila picha umebadilisha. Sasa hivi umeshika kalamu kidevuni, na chini ya jina umeandika Mwandishi.

Nikiwa bado na hilo, usiku shangazi yako kapiga simu, kwani huwajui watu wa Dar kwa umbea, anasema duka la Kariakoo umeacha, umesema unataka muda wa kuandika. Sasa mimi siulizi utakula nini, hilo mama yako keshauliza vya kutosha na najua umemjibu. Mimi nauliza moja tu. Muda umeupata, hadithi ya watu imefika wapi?

Sikukatazi kuandika, usije ukaenda kunitangaza kwa wenzio kwamba baba ni mshamba hataki. Ningekataa ningekataa zamani. Na ile habari ya kaunta buku tusiirudie, mama yako alitaka karatasi za kufungia kashata na mimi nilikuwepo na nikanyamaza, basi yameisha.

Ninachosema ni hili jina. Kiswahili chetu hapa kimetuchanganya kidogo, mwandishi ni yule wa redioni mwenye maiki, mwandishi ni yule mzee aliyekuwa anakaa nje ya mahakama na taipureta anawaandikia watu barua za mirathi, mwandishi ni Shaaban Robert, na sasa mwandishi ni wewe. Neno moja linabeba wote hao. Yule mzee wa mahakamani lakini, ulikuwa huondoki pale bila barua yako mkononi. Unalipa, unasubiri juani, anakusomea, unatia dole gumba, unakwenda zako. Hakuna aliyewahi kuambiwa barua yako itaendelea.

Kwa washairi ilikuwa afadhali, huku kwetu mtu hajiiti malenga, wanamuita wenzake baada ya kumsikia. Na fundi ni vilevile. Mimi nilinunua cherehani siku ya Ijumaa na nikaandika kwenye ubao FUNDI Jumamosi, nakwambia ukweli, na ule ubao umenitesa mwaka mzima kwa sababu kila anayepita anausoma kisha anatazama nguo zilizotundikwa. Kuna suruali moja ya kaki ilikaa pale miezi saba mguu mmoja umeshonwa mwingine umeshikizwa. Wapita njia walikuwa wanaisalimia.

Shaaban Robert unayemposti posti huyo ni wa hapa, kazaliwa Vibambani huko Machui mwaka 1909 na kafa 1962, miaka hamsini na tatu tu. Unajua alikuwa na kazi gani? Karani. Kaanza forodhani mwaka 1926 kijana mdogo, na miaka yake ya mwisho ya kazi alikuwa idara ya upimaji hapahapa Tanga. Asubuhi anaandika ya serikali ya mkoloni, yake anaandika akishatoka. Yule Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemleta yule mpelelezi wa hadithini Bwana Msa na kiko chake, alianza kazi idara ya afya halafu akahamia magazetini, akashinda lile shindano la hadithi la mwaka 57 na 58, kitabu kikatoka 1960. Hata Abdulrazak Gurnah, na yeye mtoto wa Unguja, kaondoka kijana na huko Uingereza kafundisha chuo kikuu cha Kent miaka na miaka, kitabu cha kwanza kimetoka 1987 na Nobel ya fasihi kaipata 2021. Piga hesabu hapo katikati. Miaka thelathini na nne, na vitabu vinatoka kimoja baada ya kingine. Sisemi usiache kazi kwa sababu wao hawakuacha, umeshaacha imeshakuwa. Nasema hawa walimaliza. Kazi ikiwepo wamemaliza, isipokuwepo wangemaliza. Wewe kazi ilikuwepo ukafika sehemu ya 23, umeacha kazi upate muda, na bado ni sehemu ya 23. Mbona mimi hesabu inanishinda?

Na usidhani sijaisoma. Yule mama aliponiachia simu nikaisoma yote pale barazani, sehemu ya kwanza mpaka hiyo ya mlangoni, wateja wawili wakaja nikawaambia njooni alasiri. Sehemu ya 9 umeandika fundi anakata satini kwa haraka huku anapiga stori, mama, satini inateleza kama kambale, ukiikata unapiga stori unatoa mkono mmoja mfupi. Wewe umekulia chini ya meza ya kukatia, hilo lilikupita vipi? Karekebishe. Na yule mjomba mtu uliyemtia humo, mwenye kukohoa kabla hajasema uongo, nimemjua, na mwenyewe akisoma atajijua, ila acha tu, umempata vizuri. Nilicheka mpaka muuza kahawa akaniuliza kulikoni. Kuna mahali pia, nadhani sehemu ya 14, pale mama mtu anahesabu chenji gizani kwa kupapasa, niliinua macho nikakaa kidogo. Sijui ulituona saa ngapi.

Lakini kuna sehemu nyingine umebandika tu, 17 na 18 zile ni za kujaza, hata mimi nimeona. Fumua. Kufumua siyo aibu, aibu ni kumvalisha mtu kwapa limekaza ukamwambia litajiachia likifuliwa. Huwa tunasema hivyo sote, na halijiachii.

Nilimpa yule mama buku lake. Nilitoa mfukoni kwangu nikamwambia samahani mama, chukua, mtoto ana mambo mengi. Kakataa. Kasukuma ile noti mezani, anasema fundi mimi sitaki hela, mimi nataka kujua kama alifungua mlango. Kisha kaniambia kuna wenzake wawili hapo barabara ya nane wanaisoma pamoja jioni kwa simu yake, mmoja hajui kusoma, anasomewa. Sasa mwanangu, hapo ndo niliogopa kuliko nilivyoogopa nilipodhani umekopa. Deni la hela ningelipa, ningeuza hata ile mashine ya overloku. Hili la mlango nitalilipaje mimi?

Ndo maana usingizi hauji. Siyo njaa, wewe huwezi kufa njaa, una mikono. Naogopa utalizoea jina. Jina lina utamu wake, watu wanakuita mwandishi, wanakualika kwenye vikao vyenu hivyo, mnapigana picha, unarudi nyumbani umeshiba sifa na hujaandika mstari. Mimi niliijua ile shibe. Watu wakikuita fundi, fundi, kijiweni kwenye bao, unaona kama nguo zinajishona.

Ile Idi sihitaji kukusimulia, wewe ndo ulikuwa umeshika taa. Na yule mtoto aliyesali na shati la shule ulikuwa unasoma naye. Kitu kimoja tu hujui, au labda unajua na umenistahi. Cherehani haikuwa mbovu. Nilimwambia baba yake ule mkanda umekatika tangu Ramadhani ishirini na saba, mkanda ulikuwa mzima. Basi. Yule bwana mpaka leo akipita ananisalimia vizuri na ndo tabu yenyewe.

Sasa mambo ya nyumbani. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena upande wa dirisha, nimeweka turubai kwanza, mvua zikiisha nitampata mtu. Mdogo wako yuko kidato cha nne, hasomi, analala na simu kifuani, mwambie wewe labda atakusikia, mimi nikimwambia ananiuliza mbona dada kaacha kazi. Unaona ulivyonitia? Mnazi wa nyuma tumeuangua, nazi chache mwaka huu. Mama yako anasema usiache kunywa ile dawa ya tumbo.

Halafu wameniambia siku hizi kuna tuzo ya serikali ya waandishi, ile ya jina la Mwalimu Nyerere, na kuna nyingine ya Kiswahili inaanzia na neno Safal, wanapokea miswada. Mswada wanataka ulioisha, nimeuliza. Hawapokei sehemu 23.

Kama shida ni kwamba hujui dada anakuta nini ndani, sema. Waandikie watu kwenye grupu, jamani nimekwama nipeni wiki mbili. Watakutukana siku moja. Mteja ukimwambia kanzu haijawa tayari atafoka, ila ukimficha ndo anahama. Na kama unajua anachokikuta na unaogopa kukiandika kwa sababu yangu, manake hiyo nyumba uliyoichora yenye mlango wa bluu na baraza iliyoliwa na chumvi mimi naijua, basi andika tu. Mimi ni mtu mzima. Mama yako usimwonyeshe mpaka nimwambie kwanza.

Ila maliza. Nisije nikaulizwa tena na yule mama, kila siku anapita hapa akienda sokoni saa mbili na akirudi saa nne, na mimi nimeshaanza kuinama nikimuona kama natafuta sindano. Umri huu.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la asubuhi la kesho, kina nazi sita, unga wa muhogo, gauni moja nimekushonea kwa vipimo vya zamani kwa hiyo kama umenenepa niambie nimeacha pindo la kutosha, na kaunta buku mbili za kurasa nyingi. Najua unaandika kwenye simu, ziweke tu. Kondakta nitakutumia namba yake, mpigie kabla hawajafika stendi ya Mbezi, wakishashusha mizigo wanachanganya. Kanga ya kijani humo ndani siyo yako, ni ya mwenye nyumba wako, mwambie tunaomba radhi kwa kodi ya mwezi huu.

Ni mimi baba yako.