Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa uwanja wetu wa ndege: namba ya bangoni haipokelewi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa urubani, mwaka wa kumi na moja sasa. Jina langu unalo kwenye barua mbili nilizokuandikia mwaka jana, ikiwa hazijafungiwa maandazi.

Jumanne iliyopita, alfajiri, nilikuta mtu nisiyemjua ameketi ndani ya Cessna 172, ndege ndogo ninayofundishia, amevaa koti la kuakisi mwanga kama wapakiaji wetu. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema anamsubiri mwalimu. Mwalimu wa ndege ile ni mimi. Akateremka taratibu, akatoka kwa lango la uwanja, na mlinzi akampigia saluti.

Nikapiga namba iliyo kwenye bango lako, ile ya kuripoti watu wa kutiliwa shaka. Ikaita mpaka ikakatika, mara tatu. Mara ya nne nikaambiwa mteja hapatikani. Ofisini kwenu wakanitaka nilete maandishi, nakala tatu. Nimeona tatu ni chache.

Mheshimiwa, kwenye semina yako ya pekee (soda moja, cheti kimoja) afisa alitusimulia kwamba Zacarias Moussaoui, yule wa Al-Qaeda aliyefungwa maisha kwa njama za Septemba 11, alikataa kujifunza kutua. Si kweli, na tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilishalikanusha hilo. Kilichowashtua wenzetu kule Minnesota, Agosti 2001, ni mambo ambayo mwalimu yeyote angeyaona: mtu hana leseni hata ya ndege ndogo, anataka kujifunza Boeing 747, na amelipa maelfu ya dola kwa noti mkononi. Wakapiga simu kwa wapelelezi wa FBI. Ikapokelewa! Tarehe 16 alikuwa ameshakamatwa. Kwamba wakubwa wa FBI walisinzia baada ya hapo, walimu hawamo.

Wala haya si ya ng'ambo tu. Cholo Abdi Abdullah, Mkenya, alisomea urubani Ufilipino kwa kazi ya Al-Shabaab mpaka alipokamatwa Julai 2019. Novemba 2024 mahakama ya New York ikamkuta na hatia. Alikuwa akichunguza namna ya kuufungua mlango wa chumba cha marubani. Kuna mwalimu alikaa kando yake, kiti cha kulia, akimsahihisha. Mimi hukaa kiti hicho kila siku.

Marekani, mfanyakazi wa chuo cha urubani hufundishwa dalili hizi ndani ya siku 60 tangu aajiriwe. Wewe ulituahidi mafunzo ya kila mwaka, vitambulisho vipya na kamera langoni. Nasikia kamera zimekwama kwenye zabuni. Wengine wanasema zilinunuliwa zikaelekea kwingine. Sijui, ila langoni hazipo.

Mnyororo wa kufungia propela nimenunua kwa pesa yangu, mimi ninayelipwa kwa saa za kuruka, na mvua hizi haturuki. Sasa naamka saa tisa usiku kuja kuangalia ndege isiyo yangu. Mke wangu ameacha kuuliza.

Mafunzo, vitambulisho, kamera, viache kwanza. Naomba simu ipokelewe tu. Awe karani, awe mlinzi, awe wewe mwenyewe na usingizi wako. Kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi nitaipiga tena namba ile ya bangoni.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa urubani