Kabla Hujawaonyesha Wanafunzi Filamu za Tabianchi

Marangu, Moshi

Mpendwa Mwalimu, rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi hatujambo; mama anakusalimu, na migomba imesimama vizuri baada ya masika. Nimeipata barua yako unayonieleza kwamba klabu ya mazingira ya shule yenu imepata projekta, na kwamba unafikiria kuwaonyesha wanafunzi filamu za makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ila huna hakika ianze ipi, wala kama zina faida kwa mtoto wa Tanga. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jambo hili nimekuwa nalo moyoni kwa miaka kadhaa, nikataka nikuandikie kwa utulivu.

Nianze na lile ninalolikubali bila shaka yoyote. Tabianchi hubadilika polepole kuliko jicho letu linavyoweza kufuatilia, na filamu ina uwezo wa kukunja miaka ikawa sekunde. Katika Chasing Ice ya mwaka 2012, mpiga picha James Balog na wenzake wanafunga kamera kwenye miamba huko Greenland, Iceland na Alaska, zikipiga picha saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, na picha hizo zinapounganishwa unaiona barafu ikirudi nyuma kama maji yanavyokupwa ufukweni kwenu. Upo pia mkanda walioupata mwaka 2008 kwenye barafu ya Ilulissat huko Greenland, inayomeguka kwa dakika 75 mfululizo mbele ya vijana wawili waliokuwa wamepiga hema hapo kungoja. Nilipouona mara ya kwanza nilinyamaza kimya. Hakuna jedwali la takwimu lililowahi kunifanya hivyo, nami nimesoma majedwali mengi.

Mwongozaji yuleyule, Jeff Orlowski, alitoa Chasing Coral mwaka 2017, inayofuatilia matumbawe yanavyopauka bahari ikipata joto kupita kiasi. Hiyo itawafaa sana wanafunzi wako, kwa kuwa matumbawe ya pwani yetu yalipauka mwaka 1998 na tena mwaka 2016, na mtoto wa mvuvi akirudi nyumbani ataweza kumuuliza baba yake aliona nini chini ya ngalawa miaka hiyo.

Sasa nije kwenye kasoro, na nitakayoikalia ni inayohusu mlima ninaouona kila asubuhi nikifungua mlango. Katika An Inconvenient Truth ya mwaka 2006, ambamo Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, anaeleza hatari ya joto la dunia, picha za Kilimanjaro za zamani na za karibuni zinawekwa pamoja, na mtazamaji anaachwa aamini kwamba barafu ya Kibo, kilele kirefu cha mlima huo, inakwisha kwa sababu moja tu, nayo ni hewa ukaa. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuigawa filamu hiyo katika shule za sekondari, shauri lilifika Mahakama Kuu, na mwezi Oktoba 2007 Jaji Burton akaamua kwamba hoja kuu za filamu ni sahihi kwa sehemu kubwa, lakini yapo mambo tisa yaliyovuka yale ambayo wanasayansi walikubaliana, hivyo shule zinaweza kuionyesha mradi walimu wawe na maelezo ya kuyafafanua. Kilimanjaro lilikuwa mojawapo.

Kwamba barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, hilo halina mjadala. Mjadala uko kwenye sababu. Kule juu kuelekea mita 5,895 hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri, na barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja kutokana na jua na ukavu, bila kuwa maji kwanza. Watafiti kama Georg Kaser na Philip Mote wameeleza kwamba kupungua huko kulianza mwishoni mwa karne ya 19, Afrika Mashariki ilipoingia katika kipindi cha ukame na theluji mpya ikawa haitoshi kufidia inayopotea. Maelezo hayo hayapunguzi hata chembe ukweli kwamba dunia inapata joto kwa mikono ya binadamu. Yanaonyesha tu kwamba kilele chetu kilichaguliwa kuwa shahidi kwa sababu kinapendeza kwenye picha, ilhali wapo mashahidi wengine wenye ushahidi mzito zaidi.

Usidhani kosa kama hilo ni dogo. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake, waliokuwa wametoboa barafu ya Kibo kuchukua sampuli, walikadiria kwamba ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020, na wapiga picha wengi wakalibeba kadirio hilo kana kwamba ni tarehe ya kalenda. Mwaka jana kijana mmoja jirani yetu, ambaye ni mpagazi wa watalii, aliniambia, "Walisema 2020 itakuwa imekwisha, na wiki iliyopita nimeipita ikiwa palepale. Basi na hayo mengine ni uongo." Nilikaa naye kibarazani nikimweleza tofauti ya kadirio na ushahidi, tangu kahawa ikiwa ya moto hadi mbu wakatufukuza. Filamu ilikuwa imemjengea imani hiyo kwa dakika chache, na mimi jioni nzima haikunitosha kuirekebisha.

Tena barafu hiyo imeifunika habari ya maji. Watu huambiwa kwamba theluji ikiisha mito itakauka, wakati maji yetu mengi hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba kupotea kwa miti hiyo inayochuja ukungu kunatunyang'anya maji mengi kuliko kupotea kwa barafu. Moto wa Oktoba 2020 tuliuona usiku ukitambaa kama mstari mwekundu juu ya giza la msitu, na wazee walitoka nje wakasimama bila kusema neno. Kiangazi kikiwa kikavu zaidi, kiberiti cha mtu mmoja kinatosha. Hapo ndipo ningependa kamera ielekezwe.

Nikueleze na jambo ambalo sijawahi kukuandikia. Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa kuwa mkalimani wa kikundi cha wapiga picha kutoka ng'ambo, waliokuja kutengeneza filamu kuhusu mlima. Niliwapeleka kwa mzee anayesimamia mfongo wa ukoo wao, mmoja wa mifereji ambayo Wachaga wamekuwa wakiichimba kuleta maji mashambani tangu enzi za mababu. Alitupandisha hadi kwenye banio, akaingia majini na suruali amekunja magotini, akatuonyesha jinsi wanavyoziba kwa magome ya migomba na udongo ili maji yageuke kwenda kwa mwenye zamu. Alizungumza kwa karibu saa mbili. Alisema vuli haishiki tena majira yake, chanzo kimegawanywa kwa mabomba, watu wamepanda mikaratusi karibu na chemchemi, na vijana hawatokei siku ya kusafisha mfongo kwa sababu kahawa hailipi. Kila alichosema kilishikana na kingine, mvua na watu pamoja.

Filamu ilipotoka tuliitazama naye kwenye simu yangu, chini ya mparachichi wake. Alitokea kwa muda mfupi sana, akinyoosha mkono kuelekea Kibo na kusema kwamba zamani theluji ilishuka hadi pale, huku muziki wa majonzi ukipiga. Alingoja hadi mwisho kabisa, kisha akaniuliza, "Na mfongo?" Niliona haya, maana mimi ndiye niliyemwomba saa zile mbili.

Ndiyo maana nakushauri uanze na Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Iliongozwa na Julia Dahr wa Norway, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake inatoka kwenye kamera aliyoishika mkulima mwenyewe, Kisilu Musya wa Mutomo, Kitui, nchini Kenya, aliyerekodi maisha ya familia na kijiji chake kwa miaka kadhaa. Unaona ukame, unaona mvua inayokuja kwa hasira, unaona dhoruba ikiezua nyumba yake, na unamwona akiwashawishi majirani wapande miti wakati mkewe amebaki na mzigo wa nyumba na shamba. Mwaka 2015 anafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi, na kwa maoni yangu hapo filamu inapwaya kidogo, kwa kuwa kumbi za mikutano zinakimeza kijiji. Hata hivyo hakuna anayemsemea Kisilu, na wanafunzi wako watamsikia mtu anayezungumza kama wajomba zao.

Ile ya Al Gore usiiache. Ionyeshe ya mwisho, kisha wape wanafunzi jambo hilo la Kilimanjaro walichambue wenyewe, waone filamu yenye kosa inavyoweza bado kuwa na hoja ya kweli. Mzee wetu amekubali nimrekodi upya, na safari hii sikukata kitu. Sauti yake nimeiweka kwenye flashi niliyoifunga pamoja na barua hii, na pale alipochanganya Kichaga nimeandika tafsiri pembeni. Nijulishe siku ya onyesho mapema, nipate nafasi kwenye basi la asubuhi, na kama barabara itakuwa nzuri nitajaribu kuja naye.

Wasalimie watoto wote na wazazi.

Rafiki yako akupendaye.